Uzi: Kilele cha kwanza na marafiki – Wagagai (Mlima Elgon) kupitia Budadiri, na ile hela ya mwongozaji wa pili

Msukuma wa Ntinda (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Tangu niweke zile picha za Wagagai, PM imejaa: njia ipi, baridi kiasi gani, mtu ambaye hajawahi kupanda mlima wowote anaweza? Nimeona niandike hapa tujadili wote, maana kumjibu mmoja mmoja nitakesha.

Kwa wasioufahamu, Elgon ni volkano iliyozimika zamani mno, iko mpakani mwa Uganda na Kenya. Kilele chake cha juu kabisa ni Wagagai, mita 4,321, na kiko huku Uganda. Kwa Kilimanjaro (5,895) ni mdogo, ila kitako chake ni kipana ajabu. Ukiwa Mbale, mji ulio chini yake, usitegemee kuona ncha yenye theluji kama ya kwenye chupa za maji. Unaona ukuta mrefu wa bluu, na mawingu yamekaa juu yake. Wenyeji, yaani Wagisu, wanauita Masaba.

Kundi letu ni watu wa Kampala tunaokutana kwa Kiswahili. Mimi wa Mwanza. Shemeji ni mtu wa Mombasa. Engineer ni Mganda aliyesoma Dar. Bibi Biskuti (jina la hapa jukwaani, yumo humu, atajitetea mwenyewe) anafanya kazi benki. Na Afande, mstaafu wa jeshi kutoka Arua, Kiswahili chake cha kambini kabisa: akikuamsha alfajiri unadhani umeshtakiwa. Hakuna mwanamichezo kati yetu. Mazoezi yalikuwa kupanda kilima cha Naguru jioni na begi lenye chupa za maji, baadaye tunamaliza na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai).

Sasa niseme kilichonifanya niandike uzi mrefu badala ya kubandika bei na ratiba. Mlima wenyewe haukuwa tatizo kubwa. Tatizo ni marafiki. Mkienda na watu msiojuana, kila mtu anamtii mwongozaji. Mkienda marafiki, mnaoneana haya. Mmoja kichwa kinamgonga lakini hasemi, asiwaharibie wenzake. Mwingine anamwona mwenzake anapepesuka naye anasema "jikaze, tumefika", kwa sababu anajua wakirudi naye itabidi arudi. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Ugomvi wetu ulianzia kwenye grupu la WhatsApp, wiki kadhaa kabla. Ofisi ya hifadhi Budadiri, mji mdogo njia inapoanzia, inakupa mwongozaji na askari wa UWA (Mamlaka ya Wanyamapori Uganda), na wapagazi mnachukua kwa kadiri ya mizigo. Afande akasema tuongeze mwongozaji wa pili. Engineer akapiga hesabu akasema hela hiyo ni mbuzi mzima wa kuchoma tukirudi Mbale, na sisi ni watu wazima, ya nini kuongozwa na wawili. Shemeji akamuunga mkono. Mabishano yakaenda hadi usiku, watu wakaanza kuleta mambo ya harusi ya mwaka juzi ambayo hayahusiani. Mwishowe Afande akatuma sauti fupi: "Kikosi ambacho hakiwezi kugawanyika, mmoja akiumia kinarudi chote. Au hakirudi. Mchague." Tukalipa.

Tukakubaliana pia, kwa maandishi mle mle kwenye grupu, mambo mengine kabla hata ya kununua soksi. Kwamba siku ya kilele, saa tano asubuhi popote tulipo tunageuka, hata kama kibao cha kilele tunakiona. Kwamba mwenye maumivu ya kichwa yanayoambatana na kichefuchefu hapandi hata hatua moja zaidi. Na kwamba anayeamua ni mwongozaji, na aliyechanga nyingi hana kura ya ziada. Hilo la tatu lilimuuma Engineer maana yeye ndiye aliyechanga nyingi.

Safari yenyewe. Kampala hadi Mbale ni barabara ya Jinja, Iganga, Tirinyi, taksi zipo tele. Mbale hadi Budadiri unapanda gari jingine au unakodi. Budadiri iko kama mita 1,250, na kambi ya kwanza, Sasa River, iko 2,900. Mtu anakwambia "siku ya kwanza ni matembezi tu", usimwamini. Siku ya kwanza ndiyo ya kukutambulisha.

Unaanza kwenye mashamba. Kahawa na migomba vimepandwa pamoja, kahawa chini ya kivuli, kila nyumba ina turubai au mkeka wa kuanikia. Watoto wanakusindikiza. Akina mama wanakuita "Mulembe!", ukijibu hivyo hivyo wanacheka sana. Njia inabana, mteremko unasimama, na kabla hujakaa sawa unaukuta ukuta wa Mudangi. Hapo kuna ngazi zilizofungwa kwenye mwamba. Hazina ufundi wowote, ni kupanda tu, ila mgongoni una begi na nyuma yako kuna hewa. Nilimtazama mpagazi aliyekuwa mbele yangu: mzigo wetu kichwani kaushika kwa mkono mmoja, mkono mwingine kwenye ngazi, simu inaita mfukoni. Alifika juu, akatua mzigo, akaipokea, akaongea habari za bei ya kabichi.

Baada ya ukuta ni msitu, halafu mianzi. Mle mianzini kuna giza la kijani, ardhi inateleza, na kila mahali kuna vichipukizi vinavyotoka kama pembe za ndama. Hivyo ndivyo wanavyovikausha kwa moshi wakapata malewa. Kama hujala malewa ya karanga pale Mbale, safari yako ina upungufu.

Sasa River ni kambi ya kawaida, mto unapiga kelele usiku kucha. Siku ya pili hadi Mude Cave, mita 3,500, ni saa chache na ni pazuri, sina mengi: msitu unaisha, unaingia kwenye nyasi na mimea ya ajabu, upepo unaanza. Wengine wanafika saa sita mchana wanajiona mashujaa, wanakaa kwenye jua na fulana. Vaeni masweta mapema.

Usiku wa Mude ndio wa kukumbuka. Maji kwenye chupa nje ya hema yalifanya ganda la barafu, na hapo tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Hesabu rahisi: kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6 au 7. Kutoka Kampala hadi kilele cha Wagagai unapanda zaidi ya mita 3,000, na upepo haumo kwenye hesabu hiyo.

Tuliondoka saa kumi alfajiri na tochi za kichwani. Mwongozaji wa kwanza mbele, nyuma yake Bibi Biskuti kwa makusudi, maana mwendo wake ndio mdogo na wote tulitakiwa kuufuata. Engineer alinung'unika kwamba anapata baridi kwa kwenda polepole. Aambiwe nini. Nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa sakitu, zinavunjika chini ya buti. Kulipoanza kupambazuka tukaona zile lobelia ndefu na ile mimea yenye shina nene na kofia ya majani juu, imesimama mteremkoni kama watu wanaosubiri basi.

Karibu na bwawa la Jackson, kwenye mita 4,000 na kidogo, Bibi Biskuti alisimama. Hakusema kitu. Mwongozaji akamuuliza kichwa, akasema kidogo. Akamuuliza tumbo, akageuka pembeni akatapika. Shemeji, kwa upendo kabisa, akaanza: "Pole dada, kaa dakika kumi, kunywa chai, kilele kile pale." Na kweli kilionekana. Wote tulikuwa tunatazamana, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Mwongozaji wa pili alikuwa ameshachukua begi lake mgongoni. "Tunashuka, nyabo (bibie)." Ikaisha. Haikuchukua hata dakika tano, hakuna kikao, hakuna lawama, kwa sababu ilishaamuliwa kwenye simu tukiwa Kampala tumekula tumeshiba.

Sisi tuliendelea. Tukafika kwenye saa tatu hivi. Juu pana kibao, mawe, upepo wa kukata masikio. Upande mmoja unaitazama kaldera yote, bakuli kubwa la nyasi lenye kuta, na mbele kabisa ni Kenya. Afande alipiga saluti. Engineer alilia, akasema ni upepo. Tukapiga picha, tukatafuna karanga, tukashuka.

Karibuni kwa maswali. Bei sitaji kwa sababu zinabadilika, ulizeni ofisi ya UWA Mbale. Ila raia wa Afrika Mashariki tuna kiwango chetu cha shilingi, tofauti kabisa na cha wageni wa dola. Bebeni pasipoti au kitambulisho cha taifa, bila hivyo mtahesabiwa kama Wazungu.

---

Gambuti la Kasese

Hongera mkuu, ila Elgon ni kilima cha pikiniki. Njooni Rwenzori. Margherita mita 5,109, ya tatu Afrika baada ya Kibo (Kilimanjaro) na Mlima Kenya. Kule kuna barafu, kamba, viatu vya meno, na matope ya kukufika magotini. Luigi Amedeo wa Italia alifika pale mwaka 1906 akakipa kilele jina la malkia wao. Sisi Wakonzo tulikuwepo siku zote, na sisi ndio tuliowabebea mizigo.

---

Msukuma wa Ntinda

Gambuti, umesema mwenyewe: barafu na kamba. Uzi unasema kilele cha KWANZA. Mtu hajui mwili wake unafanyaje kwenye mita 4,000, wewe unampeleka kwenye nyufa za barafu. Rwenzori tutakuja, usijali, na mabuti ya mpira tutabeba.

---

Mwana wa Masaba

Asante ssebo (bwana) kwa kutuandika vizuri. Mimi ni wa Sironko, nimewahi kubeba mizigo mlimani kabla sijapata kazi ya dukani. Naongeza haya.

Kwanza, wageni wanapunguza wapagazi kuokoa hela, halafu mzigo ule ule unagawanywa kwa watu wachache. Mtu anapanda Mudangi na mzigo wa watu wawili. Ukiona mpagazi wako yuko nyuma sana, usiulize kwa nini ni mvivu, uliza umempa kilo ngapi. Na muulize jioni analala wapi na blanketi gani. Kuna watu wa mjini wana mabegi ya kulalia mazuri, na pembeni yao mtu anaota moto hadi asubuhi.

Pili, mvua. Njooni Desemba hadi Februari, au Juni hadi Agosti. Mvua kubwa kwetu si mchezo wa matope kwenye viatu. Machi 2010 mlima uliporomoka Bududa ukafukia kijiji cha Nametsi, watu wengi sana walikufa. Mwongozaji akisema leo njia hii hapana, asibishiwe.

Tatu, mkija mwaka unaogawanyika kwa mbili mtatukuta kwenye imbalu, vijana wanatahiriwa, ngoma barabarani, hasa kuanzia Agosti. Gari lenu litasimama. Msipige honi, shukeni mcheze.

---

mgeni_hapa

Samahani wakuu, mimi nipo Kampala, mshahara wa kawaida. Hayo makoti na viatu mnatoa wapi? Nimeona duka moja mjini jaketi moja ni kodi yangu ya miezi miwili.

---

Shemeji wa Mombasa

Owino, ndugu yangu. Nenda Soko la Owino mapema siku wanayofungua mabelo, sema unataka mivumba (mitumba) ya baridi. Sweta zile za manyoya mepesi, suruali zinazokauka haraka, hata jaketi lisilopitisha upepo nililipata pale, mfuko mmoja zipu mbovu basi. Ogopa kitu kimoja tu: pamba. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, ukisimama kidogo inakugandisha. Jinzi ndiyo usiilete kabisa.

Viatu ndipo pa kuweka hela. Hata vya mtumba, lakini vivae Kampala wiki kadhaa, upande navyo kilima cha Muyenga, ushuke navyo. Kushuka ndiko kunakokula kucha za vidole.

Na hilo la kumwambia dada akae dakika kumi, nimeshasemwa na mke wangu, msirudie hapa.

---

Nesi wa Zamu

Shemeji, hebu tukuseme tena kidogo kwa faida ya wengine.

Kwenye mita 4,300 msukumo wa hewa ni kama asilimia 60 ya ule wa baharini. Oksijeni ndani ya hewa ni ile ile asilimia 21, ila kila pumzi inakuletea kidogo. Mwili unaweza kuzoea, unachotaka ni muda. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usioelezeka: huo ni ugonjwa wa mwinuko, na haujali kama wewe ni mwanajeshi, mnene au mkimbiaji wa maratoni. Vijana wenye nguvu hupata sana kwa sababu wanakimbia. Dawa yake ya kwanza ni kutopanda tena. Usipopata nafuu, shuka. Mita 500 tu za kushuka zinaweza kumbadilisha mtu.

Hatari kubwa ni mbili. Mtu anahema akiwa AMEKAA, anakohoa, kifua kinakoroma: maji yanaingia kwenye mapafu. Au mtu anatembea kama mlevi, anaongea visivyoeleweka: ubongo unavimba. Mwambie atembee kwenye mstari, kisigino kigusane na vidole. Akishindwa, mnashuka saa hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Kuna dawa inaitwa Diamoksi, inasaidia mwili kuzoea, wengi hupewa miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla. Itakufanya ukojoe mara nyingi na vidole viwashe kama vimekufa ganzi. Wenye mzio wa dawa za salfa lazima waonane na daktari kwanza. Msigawiane kambini kama pipi.

---

Bungoma Kabisa

Sisi majirani wa upande wa Kenya tunasoma. Kwetu mnapanda kupitia Kitale, kilele cha Koitobos, mita 4,222. Na tuna mapango: Kitum, tembo wanaingia usiku gizani kuchimba chumvi kwa pembe. Nyinyi mna tembo?

Nimeipenda hiyo ya mwongozaji wa pili. Sisi tulienda mlima mwingine kundi kubwa, mwongozaji mmoja, tukiwa tumelipa kampuni fulani iliyotuahidi wawili. Mmoja wetu akateguka mguu, kundi zima likageuka mita chache kabla ya kilele. Hadi leo kuna watu wawili hawasalimiani. Aliyeteguka anaona analaumiwa, na kweli analaumiwa.

---

Mwana wa Masaba

Bungoma, mulembe ndugu. Tembo wamebaki zaidi huko kwenu. Huku utaona tumbili na nyani, na kinyesi cha fisi mara moja moja.

---

Bibi Biskuti

Nimeitwa nijitetee, nimekuja.

Mimi ndiye niliyeshuka. Ukweli ni kwamba kichwa kilianza kuuma usiku Mude, na nilinyamaza. Si kwa ushujaa. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kwa shida, nimenunua viatu, nimeshawaambia dada zangu wote. Nikajua nikisema, hawa watu nawajua, watasema "tunarudi wote", Afande atafunga mizigo saa hiyo hiyo, na mimi nitakuwa yule aliyeharibu safari kwenye kila sherehe hadi nizeeke.

Kilichonitoa ni yule kaka mwongozaji wa pili kuchukua begi langu bila kuniuliza. Nikaona kumbe wengine wanaendelea, hakuna anayepoteza kitu. Nikashuka naye mwepesi kabisa. Tulipofika Mude kichwa kimebaki kidogo tu, nikanywa chai ya tangawizi, nikalala kwenye jua, nikamaliza biskuti za kundi zima. Ndiyo asili ya jina, na sijutii.

Kwa hiyo Engineer akiandika hapa kwamba hela ya mwongozaji wa pili "haikutumika vizuri" kama alivyosema Mbale, mjue yule mbuzi alimla peke yake nusu.

---

Engineer K

Sijasema haikutumika vizuri. Nilisema mwongozaji wa pili alirudi kambini mapema akanywa chai wakati sisi tunateseka na upepo. Ni takwimu tu.

Na sikulia.

---

mgeni_hapa

Nimeelewa wakuu. Swali la mwisho: kama siku zote hizo sina, kuna mlima wa siku moja?

---

Msukuma wa Ntinda

Upo. Muhavura, Kisoro, mita 4,127, unapanda na kushuka siku moja, juu kuna kiziwa kidogo kwenye shimo la volkano. Ila soma tena alichoandika Nesi. Unaruka mita nyingi kwa saa chache, mwili haujapata usiku hata mmoja wa kuzoea. Kinachokuokoa ni kwamba unashuka siku hiyo hiyo. Jirani yake Sabinyo ana ngazi nyingi, na kwenye kilele chake cha tatu Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana. Ni mfupi kuliko Muhavura.

Sisi tunarudi Elgon msimu wa kiangazi ujao, Bibi Biskuti ana deni lake. Safari hii tunaomba usiku wa ziada pale Mude kabla ya kilele. Nafasi mbili zipo. Anayetaka aje PM, tuanze Naguru Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, na mchango wa mwongozaji wa pili haujadiliwi.

---

Afande

Saa kumi na moja na nusu.